Uzi: Kutafuta pembe za pembetatu kwa x. Wapi watoto wanachemsha, na lile swali la 1922

#1 Mwalimu wa Jioni

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha tuisheni ya hisabati, darasa la sita hadi kidato cha pili. Kila tukifika kwenye pembetatu zenye x nakutana na jambo lilelile. Mtoto anajua vizuri kwamba pembe tatu za ndani zikijumlishwa zinaleta nyuzi 180. Kutatua mlinganyo pia anajua. Lakini mpe mchoro, anaanza kupachika alama ya sawasawa popote inapokaa. Ukimuuliza "hii sawasawa umeitoa wapi?" anakutazama kama umemuuliza kabila la x.

Msimamo wangu ni huu, na mwenye hoja alete: aljebra haijui pembetatu ni nini. Yenyewe inatunza hesabu ya kile ambacho jicho limeshakiona kwenye mchoro. Ukiona vibaya, itakupeleka kwenye jibu baya kwa hatua safi kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wangu hawaruhusiwi kuandika mlinganyo bila sababu yake pembeni, kwa maneno.

Mfano mwepesi. Pembetatu ABC: A = 2x + 10, B = 3x − 5, C = x + 25. Tafuta pembe iliyo kubwa kuliko zote.

(2x + 10) + (3x − 5) + (x + 25) = 180 [sababu: jumla ya pembe za ndani]
6x + 30 = 180
6x = 150
x = 25

Hapa nusu ya darasa inaweka kalamu chini na kupigia mstari 25. Lakini swali halikuuliza x, limeuliza pembe. Rudisha 25 mahali pake: A = 60, B = 70, C = 50. Jibu ni nyuzi 70. Kwenye mtihani wa kuchagua, hiyo 25 mara nyingi utaikuta imekaa palepale kati ya herufi A na E, inamsubiri mwenye haraka.

Sasa aina ya pili, ambayo ndiyo inawaumiza hasa: pembe ya nje. Upande BC umerefushwa kupita C. Pembe ya nje hapo C ni 7x + 4. Ndani, A = 3x + 10 na B = 2x + 24. Wengi wanajumlisha zote tatu na kuweka sawa na 180, kwa sababu wameona vitu vitatu na pembetatu moja. Wanapata 12x + 38 = 180, x inakuwa sehemu ya ajabu, wanakata tamaa au wanakadiria. Kumbe ile 7x + 4 haimo ndani ya pembetatu. Pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo:

7x + 4 = (3x + 10) + (2x + 24)
7x + 4 = 5x + 34
2x = 30
x = 15

A = 55, B = 54, ya nje 109, na C ya ndani ni 180 − 109 = 71. Jumlisha 55, 54 na 71, unapata 180.

Leteni mitego mliyokutana nayo, nami nitaipeleka darasani.

#2 Mama Zai

Asante mwalimu, umenigusa. Mimi hesabu niliziacha zamani ila naomba kueleweshwa kitu. Binti yangu alipewa swali hili: "Pembetatu pacha ina pembe x na 2x + 20. Tafuta pembe zake zote." Yeye alipata 40, 40 na 100. Jirani yake alipata 28, 76 na 76. Mmoja kapewa vema, mwingine kapigwa kosa. Binti karudi amenuna. Nani yuko sahihi?

#3 Mwalimu wa Jioni

Mama Zai, wote wawili wako sahihi, labda kama kulikuwa na mchoro ambao hujautaja.

Pembetatu pacha ina pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo pembe mbili zilizo sawa. Swali limetaja pembe mbili kati ya tatu bila kusema zipi ndizo pacha. Basi unajaribu kila uwezekano:

Kwanza, hizo mbili zenyewe ni pacha: x = 2x + 20. Inatoa x = −20, yaani pembe ya nyuzi −20. Haipo, tupa.

Pili, pembe ya tatu ni pacha wa x: x + x + (2x + 20) = 180, 4x = 160, x = 40. Pembe ni 40, 40, 100.

Tatu, pembe ya tatu ni pacha wa 2x + 20: x + 2(2x + 20) = 180, 5x + 40 = 180, x = 28. Pembe ni 28, 76, 76.

Majibu mawili halali. Aliyetunga swali alikuwa na mchoro kichwani akasahau kuuweka kwenye karatasi. Mpe binti pole, na yule jirani yake pia hakukosea.

#4 Mama Zai

Haya, kesho naenda na hii kwenye simu yangu 😅

#5 ngosha_wa_namba

Mkuu uzi mzuri. Niongezee moja tu: wafundishe wahakiki. Ukimaliza jumlisha pembe zako tatu, zikileta 180 uko salama, zisipoleta rudi mwanzo. Mimi hilo limenivusha mitihani yote.

#6 Sambamba

Ngosha, samahani, hapo sikubali. Kujumlisha peke yake hakukulindi. Tazama hii: pembe ni 4x, x + 100 na 2x − 60.

7x + 40 = 180, x = 20. Pembe zako: 80, 120 na −20. Jumlisha: 180 kamili! Kwa kanuni yako niko salama, na huku nina pembetatu yenye kona ya nyuzi hasi ishirini.

Jumla itatoka 180 siku zote kwa sababu wewe mwenyewe uliilazimisha iwe 180 kwenye mstari wa kwanza. Kuijumlisha tena kunakagua kama hesabu yako ya kujumlisha na kugawanya ilikuwa safi, basi. Hakukagui kama mlinganyo ulikuwa wa kweli. Ukaguzi wenye maana ni miwili: kila pembe iwe kubwa kuliko 0, na majibu yakubaliane na jambo lingine la kwenye mchoro ambalo hukulitumia kupata x.

#7 ngosha_wa_namba

Nimekuelewa mkuu. Kwa hiyo x ikitoka hasi tunafuta swali?

#8 Sambamba

Hapana! Usichanganye x na pembe. Chukua x + 70, 2x + 90 na 50 − x. Jumla: 2x + 210 = 180, x = −15. Pembe zinakuwa 55, 60 na 65. Pembetatu nzuri isiyo na kasoro. Ila vijana wakiona ile alama ya kutoa wanashtuka, wanafuta kazi nzima.

#9 Fundi Kenchi

Mimi ni fundi wa paa, nimeingia humu baada ya kuona neno pembetatu 😄

Mnavyoandika ni kweli ila site hatuandiki x. Kona ya msingi tunaipata kwa kamba: futi 3 huku, futi 4 kule, ukipima mshazari ukapata 5, kona yako ni mraba. Kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, hesabu huwa inakuja, sema tunaifanya kichwani. Paa la mgongo wa tembo, kenchi yake ni pembetatu pacha. Kuna mteja alikuja na picha kwenye simu anataka paa "lililolala kidogo", mchoraji wake kaandika pembe ya juu ni mara nne ya ya pembeni. Nani anajua hapo ni ngapi?

#10 Mwalimu wa Jioni

Fundi, karibu sana. x + x + 4x = 180, x = 30. Pembeni nyuzi 30, juu 120.

#11 Fundi Kenchi

Ndiyo hiyo. Sasa angalia: nguzo ya katikati ikisimama wima inaigawa kenchi pembetatu mbili zenye kona mraba. Kwa hiyo ile mbao ya mteremko wa paa inakutana na nguzo kwa nyuzi 60, sababu 180 toa 90 toa 30. Kijana wangu alikuwa anakata ncha ya juu kwa 30, kwa sababu karatasi imeandikwa 30. Mbao inakaa mdomo wazi, anajaza misumari. Hii mnayoita sababu pembeni ningetaka na yeye aandikiwe kwenye mbao.

#12 chali_wa_mjini

Hizi x tangu nimemaliza shule hazijawahi kuninunulia hata kilo ya unga.

#13 Fundi Kenchi

Mimi zinaninunulia, mkuu.

#14 Nanyuki Boy

Salamu kutoka Kenya. Mnasema digrii 180 kana kwamba ni amri, lakini mimi naishi karibu na ikweta na nina pembetatu inayozidi. Toka Nanyuki ufuate ikweta kuelekea magharibi hadi Mbandaka, kule Congo. Halafu kutoka kila mji panda moja kwa moja kaskazini hadi ncha ya dunia. Ikweta na mistari ya longitudo hukutana kwa digrii 90, kwa hiyo chini una 90 mbili, tayari ni 180, na kule juu bado kuna pembe. Tofauti ya longitudo kati ya miji hiyo ni kama digrii 19. Jumla karibu 199. Semeni sasa.

#15 Sambamba

Ni kweli kabisa na umelipigia mfano mzuri, ila pembetatu yako iko juu ya tufe, siyo juu ya karatasi. Kanuni ya 180 inasimama kwenye bapa. Mpima ardhi kiwanjani wala haimsumbui: pembetatu yenye eneo la karibu kilomita za mraba 200 inazidi 180 kwa sekunde 1 ya pembe tu, na uzi mmoja wa pembe una sekunde 3,600.

Na kwenye bapa 180 inatokana na mistari sambamba, hakuna aliyeitangaza tu. Chora mstari upite kwenye ncha A ukiwa sambamba na BC. Pembe B inajirudia upande mmoja wa A, pembe C upande mwingine, na A mwenyewe yuko katikati. Zote tatu zimejaza mstari mnyoofu. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ameiweka kwenye kitabu cha kwanza cha Elements, hoja ya 32, pamoja na ile ya pembe ya nje aliyoieleza mwalimu hapo juu. Ni hoja moja, nusu mbili. Kule kwenye tufe mistari miwili mikuu ya duara, kama ikweta na longitudo, hukutana siku zote, sambamba haipo, kwa hiyo huwezi hata kuanza.

Sasa mwalimu, umesema aljebra inatunza tu hesabu ya kile jicho limeona. Nina swali linalokuunga mkono vibaya sana. Liliulizwa na Mwingereza Edward Langley mwaka 1922 katika jarida la walimu wa hisabati, The Mathematical Gazette. Hakuna x², hakuna sine. Pembe tupu.

Pembetatu ABC, kitako ni BC. B = 80, C = 80, kwa hiyo A = 20. Kutoka B chora mstari unaokutana na AC kwenye E, pembe CBE iwe 60. Kutoka C chora mstari unaokutana na AB kwenye F, pembe BCF iwe 50. Unganisha E na F. Pembe BEF ni nyuzi ngapi?

Msitumie kipimapembe. Mwenye jibu alete na sababu.

#16 ngosha_wa_namba

Hili jepesi, ngoja nikalimalize nikiwa kwenye daladala.

#17 ngosha_wa_namba

Wakuu, limenigomea. Naweka kazi yangu yote.

Nimeita BEF = x, CFE = y, AEF = z, AFE = w. BE na CF zinakatana kwenye P.

Pembetatu BPC: 180 − 60 − 50 = 70. Ile inayotazamana nayo ndani ya pembetatu EPF ni 70 pia. Kwa hiyo x + y = 110.
Pembetatu AEF: A ni 20, kwa hiyo z + w = 160.
Pembetatu BEC: pembe ya E ni 180 − 60 − 80 = 40. Kwenye mstari mnyoofu AC hapo E: z + x + 40 = 180, yaani z + x = 140.
Pembetatu BFC: pembe ya F ni 180 − 80 − 50 = 50. Kwenye mstari AB hapo F: w + y + 50 = 180, yaani w + y = 130.

Herufi nne, milinganyo minne. Nikasema nimemaliza. Nikaanza kuondoa moja moja: y = 110 − x, z = 140 − x, w = 160 − z = 20 + x. Naweka kwenye wa mwisho: (20 + x) + (110 − x) = 130. 130 = 130!! x imepotea. Nimeanza upya kwa kuondoa z kwanza, nikaishia na 0 = 0. Kosa liko wapi?

#18 Mwalimu wa Jioni

Ngosha, kosa halipo. Kila mstari wako una sababu, na kila sababu ni ya kweli. Shida ni kwamba milinganyo yako kwa kweli ni mitatu. Jumlisha miwili ya kwanza: x + y + z + w = 270. Jumlisha miwili ya mwisho: 140 + 130 = 270. Ni taarifa ileile. Ukijua mitatu, wa nne hauongezi kitu, na herufi ziko nne.

Yaani kila ulichokiona kwa "jumla ni 180" umeshakitumia chote. Weka x = 25, milinganyo yote inakubali. Weka x = 47, inakubali. Lakini mchoro ni mmoja tu, pembe haiwezi kuwa 25 na 47 kwa pamoja. Kuna jambo kwenye mchoro ambalo pembe hazijalisema, nalo ni urefu. Unatakiwa kutafuta pande zilizo sawa.

#19 Sambamba

Mwalimu umelikamata. Narusha suluhisho, mwenye wivu wa kulipata mwenyewe aruke hii posti.

Chora mstari mmoja wa ziada: kutoka B hadi G kwenye AC, pembe CBG iwe 20.

Pembetatu BCG: 20 na 80, basi G ni 80. Pembe mbili sawa, kwa hiyo BG = BC.
Pembetatu BCF: 80 na 50, F ni 50. Kwa hiyo BF = BC.
Basi BF = BG. Na pembe FBG ni 80 − 20 = 60. Pande mbili sawa zenye 60 katikati: pembetatu FBG ina pande zote tatu sawa. FG = BG.
Pembetatu BGE: pembe EBG = 60 − 20 = 40, na pembe ya E ni ile 40 ya ngosha. Kwa hiyo GE = BG.

Unaona? BC, BF, BG, FG, GE, zote urefu mmoja. Sasa pembetatu GEF ni pacha, GF = GE. Pembe yake ya G ni 180 − 80 − 60 = 40. Zilizobaki ni (180 − 40) ÷ 2 = 70 kila moja. Pembe GEF ni 70, toa ile 40 ya BEC, BEF = 30.

#20 ngosha_wa_namba

Duh! Narudisha kwenye milinganyo yangu: x = 30, y = 80, z = 110, w = 50. 30 + 80 = 110, 110 + 50 = 160, 110 + 30 = 140, 50 + 80 = 130. Yote inakaa. Ila huo mstari wa BG mtu anaufikiriaje? Nisingeuota hata kwa malaria.

#21 Sambamba

Jibu la kweli: unafuata harufu ya 60. Ukiona 80 na 20 jirani, jiulize wapi unaweza kupata pembetatu ya pande sawa, kwa sababu hiyo inakupa urefu na pembe kwa pamoja. 80 toa 20 ni 60, iko pale B. Wengine wamelitatua kwa mistari tofauti kabisa na hii.

#22 Nanyuki Boy

Na ukibadilisha ile 50 ya C iwe 70? B ibaki 60.

#23 Sambamba

Hilo ni gumu zaidi, watu huligombania sana mtandaoni. Tafuta CFE. Mstari wa BG hautakusaidia. Anza E, chora mstari sambamba na BC hadi AB.

#24 Fundi Kenchi

Nimechora kwenye ubao wa plywood kwa kipimo kikubwa, CFE inasoma kama 20. Najua mmekataza kupima.

#25 Nanyuki Boy

Imenichukua usiku ila nimeifikisha. Ule mstari wa E unakutana na AB kwenye H, nikaunganisha H na C, inakata BE kwenye K. BCK ina pande zote sawa, HEK pia. Halafu nikaunganisha A na K: pembetatu ACK na CAF zinalingana kabisa, kwa hiyo AF = CK. Na AH = CH, basi HF = HK = HE. Pembe FHE ni 80, HEF inakuwa 50, ongeza 60 ya HEB, BEF ni 110. Pembe ya P ni 50. 180 − 110 − 50 = 20. Fundi amepima sawasawa.